Kioo Kwanza, Penseli Baadaye: Kujichora kwa Watoto Wadogo na Tunachoweza Kuchukua Meksiko

Mhadhara uliotolewa kwa walimu wa madarasa ya awali na wazazi, Majengo, Dodoma

 

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwafundisha watoto wadogo kujichora, kwa mfano wa utamaduni wa Meksiko. Nimeshausikia mnong'ono pale nyuma: Meksiko na Dodoma wapi na wapi? Ni swali la haki, na jibu lake la kwanza liko Soko la Majengo. Mahindi yaliyo kwenye magunia, nyanya zilizopangwa mafungu, maparachichi, pilipili, asili ya vyote hivyo ni Meksiko na nchi zinazoizunguka. Wakulima wa kule walivilea vizazi na vizazi kabla meli hazijavileta huku. Mkonge nao ni wa huko, rasi ya Yucatán. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Mashamba ya mkonge ya nchi hii yalianzia kwenye hiyo 62.

Basi Wameksiko si wageni wetu kiasi hicho. Ila angalieni tulivyofanya na mahindi yao: tuliyachukua, tukayasaga, tukasonga ugali. Hakuna aliyetudai tuoke vyapati vyao vyembamba ndipo tuhesabiwe kuwa tumeyajua mahindi. Hivyo ndivyo ninavyotaka tufanye na uchoraji wao. Tuchukue jinsi walivyojifunza kuitazama nyumba yao wenyewe, kisha tukaipike kwa mtindo wa hapa.

Nasema hivi kwa sababu somo hili limeenea sana duniani, na mara nyingi hufundishwa kinyume chake. Mwalimu huchapisha sura ya mchoraji mashuhuri wa Meksiko, Frida Kahlo: nyusi zilizokutana, maua kichwani, tumbili begani. Watoto hupewa krayoni wapake rangi, au hubandika sura zao chini ya maua yaleyale. Picha hutoka nzuri, zikatundikwa ukutani, wazazi wakazipiga picha kwa simu zao. Lakini ukizitazama moja moja huoni mtoto yeyote humo. Unamwona mwalimu, na mkasi wake.

Tumjue basi huyo mama, maana maisha yake yana mengi ya kutufaa kuliko nyusi zake. Frida Kahlo alizaliwa mwaka 1907 Coyoacán, kitongoji ambacho leo kimo ndani ya Jiji la Meksiko. Akiwa na miaka sita aliugua polio, mguu mmoja ukabaki mwembamba, na watoto wenzake wakawa wanamtania. Septemba 1925, akiwa na miaka 18, basi alilopanda liligongana na tramu. Aliumia uti wa mgongo, nyonga na mguu, akalazwa miezi mingi hajiwezi. Mama yake akaagiza lifungwe kioo juu ya kitanda, na kitengenezwe kiegemeo maalumu ili aweze kuchora amelala. Aliyemwona kwenye kile kioo kila asubuhi ni yeye mwenyewe. Akajichora. Akaendelea kujichora hadi alipofariki mwaka 1954. Karibu theluthi ya picha zake zote ni za uso wake.

Ukizitazama picha hizo utaona kwamba hazungukwi na vitu vya kupamba tu. Nguo ni za wanawake wa Tehuantepec, kusini mwa nchi. Tumbili na kasuku alikuwa akiwafuga nyumbani. Majani nyuma yake ni ya bustani yake. Alipenda pia kukusanya vipicha vidogo ambavyo watu wa kawaida wa Meksiko huvichora kwenye vipande vya bati kumshukuru Mungu kwa kupona ajali au ugonjwa, na yeye mwenyewe akawa anachora picha ndogo juu ya bati. Mtanzania akisikia hilo atamkumbuka Edward Said Tingatinga, aliyeanza mwaka 1968 kule Dar es Salaam kuchora wanyama kwenye vipande vya silingibodi kwa rangi ya kupakia baiskeli. Bati na silingibodi vilipatikana kwa urahisi, basi vikachorwa.

Kuna jambo jingine la Frida ambalo walimu wengi hawalijui. Alikuwa mwalimu. Mwaka 1943 alianza kufundisha katika shule ya sanaa iitwayo La Esmeralda, na afya ilipomzuia kusafiri, wanafunzi wakawa wanamfuata nyumbani kwake. Aliwapeleka mitaani na masokoni, akawaambia wachore wanachokiona. Mwaka huohuo wakachora kuta za kilabu kimoja cha pombe cha Coyoacán, kilichoitwa La Rosita, ambako watu walikunywa pulque, pombe inayogemwa kwenye mmea wa jamii moja na mkonge wetu. Wanafunzi wake hawakuishia kuchora kama yeye. Nadhani hiyo ndiyo sifa kubwa kabisa ya mwalimu wa sanaa.

Hapa kwetu yuko aliyelisema jambo hilo kwa ukali zaidi. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, aliyesomea Makerere na baadaye kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, alishikilia kwamba kunakili ni kumlaza Mungu usingizi. Mimi huwa napunguza makali kidogo ninapozungumza na walimu wa awali, kwa sababu mtoto wa miaka mitano hujifunza mambo mengi kwa kuiga, na hakuna ubaya. Ubaya huanza mwalimu anapochora mtu ubaoni na kusema, chora kama nilivyochora, kisha akapita na kalamu nyekundu kuweka vema na kosa. Kosa la nini? Mtoto amechora kichwa chake yeye.

Sasa niingie kwenye sehemu ninayoipenda. Mapinduzi ya Meksiko yalianza mwaka 1910 na vita vikadumu kama miaka kumi. Vilipotulia, serikali mpya ikajiuliza nini kinawaunganisha wananchi wake. Mwaka 1921 José Vasconcelos akawa waziri wa elimu, akawapa wachoraji kuta za majengo ya serikali wazichore. Diego Rivera, aliyekuja kumwoa Frida, ni mmoja wao. Wengi huishia kusimulia kuta hizo. Katika wizara hiyohiyo alikuwepo mtu mwingine, Adolfo Best Maugard, aliyepewa kazi ya kusimamia uchoraji mashuleni. Alikuwa amechora maelfu ya mapambo kutoka kwenye vyungu na mabaki ya kale ya nchi yake, na akagundua kwamba mapambo yote yale yanajengwa kwa alama saba tu: mstari ulionyooka, mstari wa mawimbi, mstari wa meno ya msumeno, duara, nusu duara, nusu duara mbili zilizoungana kama herufi S, na mzunguko wa konokono. Watoto wa shule za Jiji la Meksiko wakafundishwa alama hizo, wakaanza kujenga nazo maua, ndege, nyumba na nyuso. Kitabu chake cha mbinu hiyo kilitoka mwaka 1923.

Naomba mlitafakari hili kidogo. Nchi imetoka vitani, ina shida ya walimu na karatasi, na wizara yake inamwambia mtoto: alama za kuchorea unazo tayari, ziko kwenye chungu cha bibi yako. Nasi tulifikiri hivyohivyo wakati mmoja. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere, mara baada ya kuwa Rais, aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Ngoma zilinufaika sana kwa mwelekeo ule, na hapa Ugogoni mnajua muziki wa kina Hukwe Zawose ulivyofika mbali. Uchoraji wa watoto wadogo haukupata bahati hiyo. Ulibaki kazi ya kujaza kipindi mwalimu anapochoka. Mtaala ulioboreshwa wa 2023 umeipa sanaa nafasi inayoonekana, lakini nafasi kwenye ratiba haimwambii mwalimu afanye nini akishaingia darasani.

Mimi namwambia atoke. Awachukue watoto, wawili wawili wameshikana mikono, wakazitafute alama saba Majengo. Hawatapata shida. Mawimbi yapo kwenye mabati ya kila paa. Meno ya msumeno yapo kwenye vikapu na kwenye pindo za kanga. Duara ni ungo, sufuria, gurudumu la mkokoteni. Konokono na herufi S zimejaa kwenye mageti. Fundi wa kuchomelea anazikunja kwa nondo kila siku, na ukimwomba atawaonyesha watoto jinsi chuma kinavyokunjwa, ilimradi wakae mbali na cheche. Nusu duara ni kipande cha tikitimaji. Mistari iliyonyooka iko vichwani mwao wenyewe: binti aliyesukwa twende kilioni amebeba ukurasa mzima wa mistari, na mwenzake anayekaa nyuma yake darasani ameikariri kuliko herufi za ubaoni.

Wakati mpo nje, simameni mbele ya saluni ya kinyozi. Pale ukutani pana vichwa vilivyochorwa na fundi wa mabango, kimoja kina kiduku, kingine kimenyolewa pembeni, kingine kina ndevu zilizochongwa. Hilo ndilo jumba la sanaa la mtaa, halina kiingilio. Waulizeni watoto: huyu amefurahi au amenuna? Umejuaje? Ni macho au mdomo? Mtoto anayeweza kujibu hayo ameshaanza somo la picha za watu.

Turudi darasani. Kabla ya penseli, kioo. Vioo vidogo vya mfukoni vyenye fremu ya plastiki vinapatikana kwa wamachinga; vichache vinatosha darasa zima wakipokezana kwa makundi. Kioo kilichovunjika kisiingie, hata ukizungushia gundi ya karatasi. Mtoto ashike kioo, halafu asichore. Afumbe macho apapase uso wake: mfupa wa nyusi, ncha ya pua, tundu la sikio. Afumbue, ang'ong'e, acheke, akunje uso. Atagundua kwamba meno yameng'oka mawili na ulimi una rangi tofauti na midomo. Acha wacheke, kelele hizo ndizo somo.

Kisha achore. Na hapa nawaomba wazazi mnisikilize vizuri, maana ninyi ndio mnaotuvunja moyo tukishafanya kazi. Mtoto wa miaka mitatu au minne atachora duara, atatia macho, na miguu itaota kutoka kichwani moja kwa moja. Watoto wa nchi nyingi hupita hapo, wa Meksiko na wa Bahi hapa mkoani vilevile. Wa miaka mitano au sita ataongeza tumbo, mikono yenye vidole kama reki, na masikio. Hachori anachokiona kwenye kioo. Anachora anachokijua, na kioo kimemwongezea cha kujua. Usimwambie macho yako katikati ya kichwa, ingawa ni kweli yako katikati. Hilo litasubiri darasa la nne au la tano. Usishike mkono wake. Na usimuulize, hiki ni nini? Mwambie, niambie kuhusu picha yako, ukae kimya.

Nilikaa na mtoto mmoja wa darasa la awali ambaye uso wake kwenye karatasi ulikuwa mdogo kama kifungo cha shati. Karatasi yote iliyobaki ilikuwa miduara myekundu, mitatu chini, mmoja juu, mitatu chini, mmoja juu. Yalikuwa mafungu ya nyanya ya mama yake. Alipofika pembeni, karatasi ikamwishia, akachora fungu la mwisho mezani. Mwalimu mwenye haraka angesema mtoto huyu hajajichora. Mimi naona alijichora kikamilifu, kwa sababu ndivyo anavyoonekana akiwa nyuma ya meza ile kila jioni. Frida alijizungushia tumbili. Huyu alijizungushia nyanya.

Sasa rangi ya ngozi, jambo ambalo sitalipita haraka. Mpe mtoto boksi la krayoni 12 na mwambie apake uso wake. Wengi huchukua pinki, au huacha karatasi nyeupe wakapaka nguo tu. Hawana chuki na rangi yao. Ndivyo vitabu vilivyowazoesha, na ndani ya boksi lile kahawia ni moja tu, nayo haifanani na mtu yeyote darasani. Dawa yake tunaikanyaga. Udongo mwekundu wa Dodoma upo bure. Uponde, uchekeche, uloweke kwenye maji, uchuje kwa kitambaa, uache utuame hadi upate tope laini. Ponda mkaa upate nyeusi. Ponda vipande vya chaki upate nyeupe. Chokaa usitumie, inaunguza ngozi na macho ya watoto. Binzari itakupa manjano. Changanya na uji mwepesi wa ngano ili rangi ishike. Uji huo huchacha baada ya siku mbili, kwa hiyo tengeneza wa kutosha kipindi kimoja. Gawa kwenye vifuniko vya ndoo.

Mtoto apake tone moja nyuma ya mkono wake, angoje likauke kidogo, aone kama limepotea kwenye ngozi. Likionekana, aongeze mkaa, au aongeze udongo, au chaki, hadi lipotee. Kazi hii huchukua kipindi kizima na watoto hawachoki. Wanaanza kulinganisha mikono, wanabishana nani amekaribia udongo na nani amekaribia mkaa, na rangi ambayo nje ya darasa hutumika kutaniana inakuwa hesabu ya vijiko. Mwenye ualbino naye achanganye yake: chaki nyingi, udongo chembe, binzari chembe. Mwalimu asimchagulie wala asimtangulizie. Akae kivulini, karibu na kioo, maana macho yake yanahitaji karibu. Mwenye mguu uliopinda au kovu ataamua mwenyewe kama vitaingia kwenye picha. Frida alivichora vyake, lakini alikuwa mtu mzima na hakuamriwa na mtu.

Mzee mmoja ameniuliza kabla hatujaanza, na nilimwahidi kumjibu mbele yenu: vipi familia ambazo dini yao haikubali kuchora viumbe wenye roho? Majengo ina Waislamu wengi, na si wote wenye msimamo mmoja juu ya jambo hili. Msimamo wa mzazi uheshimiwe, na mtoto asitengwe kwenda kukaa nje. Huko Kolo, wilayani Kondoa, kwenye barabara yetu ya kwenda Arusha, kuna miamba iliyochorwa watu kwa rangi nyekundu. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikwenda kuinakili mwaka 1951, na tangu 2006 ni Urithi wa Dunia. Watu wale ni warefu, wembamba, vichwa vyao vina mitindo ya ajabu ya nywele au mapambo, na mara nyingi hawana macho wala pua. Mtoto anaweza kujieleza hivyo, kwa nywele, kwa nguo, kwa vitu vyake, bila uso. Au achore alama ya kiganja chake na kuijaza zile alama saba. Na shule inayoweza kupata gari iwapeleke watoto wakubwa Kolo. Si mbali kiasi cha kuwa kisingizio.

Kuhusu mafuvu. Mkitafuta mambo ya Meksiko mtakutana na Siku ya Wafu, tarehe 1 na 2 Novemba, watu wamepaka nyuso kama mafuvu yenye maua. Kwao ni siku ya kuwakaribisha marehemu kwa chakula na maua ya marigoldi, na wanaifurahia. Kwa mtoto wa hapa fuvu liko kwenye nguzo ya umeme, limeandikwa HATARI. Liacheni.

La mwisho ni kutunza kazi. Usitoe maksi. Nyuma ya kila picha andika jina, tarehe, na maneno ya mtoto kama alivyoyasema, hata kama ni matatu na mojawapo ni la Kigogo. Tundika picha kwa kamba na vibanio vya nguo, kwa kimo cha macho ya mtoto na si cha mkaguzi. Karatasi zikikosekana, pande safi za maboksi zinashika rangi ya udongo kuliko hata manila. Rudieni zoezi hilohilo kila muhula, kwa kioo kilekile, na kila mtoto awe na bahasha yake. Mwisho wa mwaka mzazi akija kuchukua ripoti apewe na bahasha hiyo, aipange michoro mezani kwa tarehe, na mtoto awepo ili aeleze mwenyewe. Walimu watakaobaki baada ya kikao, udongo umeshalowekwa kwenye ndoo pale nje na vioo viko kwenye kikapu. Kunjeni mikono ya nguo, maana ule wekundu hautoki kirahisi.